Mkalimani wa Kocha Stipe

…na mniwie radhi mapema, ndugu zangu waandishi, mimi mkalimani wa kuokoteza, Kiingereza nimefundishwa na redio yenye betri mbovu, nitaharibu, nitasahau, nitaongeza, msinipige mawe… hivyo ndivyo Masele alivyojiandaa kuanza, ndivyo aanzavyo siku zote na watu hucheka, maana ukishaomba msamaha wa uongo, kosa la kweli linapita bila kukaguliwa, lakini leo maneno hayo yamemkwama kooni kama mwiba wa sato, kwa sababu mzungu hanyamazi. Kawaida Kocha Stipe husema sentensi moja fupi, anakohoa, anamwachia Masele nafasi, Masele anaigeuza Kiswahili, maisha yanaendelea, ila leo Gladness wa redio kamuuliza, "Kocha, tusimulie maisha yako ya mpira toka kwenu Kroatia mpaka hapa Mwanza, halafu utuambie, ni kweli leo unaondoka?", na Masele alipomgeuzia tu swali, mzee wa watu kakishika kipaza sauti kama aliyemkamata kambale mkiani, anaogopa kitamtoka, anateremka tu na kile Kiingereza chake cha kutafuna kokoto, hasimami, hakohoi, hamtazami mkalimani wake, na waandishi wamelaza kalamu mezani wakisubiri Masele awapakulie, kwa kuwa Kiingereza cha Stipe jiji zima hakuna anayekielewa isipokuwa Masele, na hiyo ndiyo ilikuwa ngao yake… ilikuwa… kwa nini amesema ilikuwa? Kwa sababu ya kile kicheko. Tulia Masele, kitafune vizuri kile kicheko. Kabla ya swali la Gladness, ili kuuchangamsha ukumbi, alitupa utani kwa Kiswahili, kwamba mzungu huyu siku ya kwanza kuandaliwa ugali wa muhogo aliuzunguka mara mbili akauliza ni nani kasahau kofia yake mezani, watu wakacheka, na Stipe akacheka. Sawa, mgeni hucheka wenzake wakicheka, ni adabu, lakini kicheko Masele anakijua kama Mkerewe anavyojua mtumbwi, miaka yote hii ya kushika kipaza sauti kwenye harusi za Nyakato, kicheko cha kuiga huchelewa kidogo, hufuata nyuma kama mkia, na kile hakikufuata, kile kilitangulia, Stipe alicheka kabla ya Gladness, alicheka palepale kwenye kofia… hapana, bahati tu, labda alikumbuka kitu cha kwao, wazungu hukumbuka vitu vya kwao wakati wowote. Na huyu Mwenyekiti Yeremia, je? Huyu ndiye hasa. Asubuhi Masele kampa shikamoo kwa magoti yote mawili ya moyo, "Shikamoo mzee wangu," na Yeremia akaitikia marahaba akiutazama ukuta, marahaba ikaenda kwa ukuta, ukuta ukabarikiwa, Masele akabaki na mkono hewani. Mtu aliyekuahidi ukocha haitikii hivyo. Mwezi mzima wamekuwa wakikutana uani kwa Yeremia, Masele anamnong'oneza, "Mzee, huyu anayewafundisha vijana wetu hajui mpira, tumefungwa tena, tutashuka daraja, mtoe," na Yeremia anasugua kidevu, mpaka Jumapili akalainika, akasema, "Mwanangu Masele, akitoka mzungu timu utaishika wewe mpaka msimu uishe," na Masele usiku huo hakulala, alimwamsha mkewe Hellen akamuuliza koti lipi linamkaa kama kocha, Hellen akajibu koti ni kitambaa tu, hebu zima taa… na leo ndiyo siku yenyewe, Yeremia atatangaza nani anaondoka na nani anabaki, Masele kavaa koti, joto linamchoma kwapani, na marahaba imeenda kwa ukuta. Wameshapatana hawa. Kuna kitu wamepatana. "…kisiwa," Stipe anasema, "kisiwa kidogo sana, baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa," na Masele anashtuka, dagaa? Kwa karibu mwaka mzima Stipe hajawahi kusema lolote kuhusu baba yake, akiulizwa husema "nilicheza, goti likafa, nikawa kocha," basi, na Masele ndiye aliyelazimika kumjazia nyama, kila gazeti la hapa limeandika maisha ya Stipe ambayo Masele aliyatunga papo hapo, kwamba alizaliwa uwanjani mama yake akishangilia, kwamba alipiga mpira ukapasua wavu ukaua bata, ilimradi watu wafurahi, na mzee alikuwa akiitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayesema endelea tu kijana. Endelea. Kwa nini alikuwa anaitikia kwa kichwa? "…wanatoka na taa juu ya maji, usiku, kama hapa hapa kwenu, dagaa wanaifuata taa, nilipofika Igogo nikaona karabai zimepangwa ufukweni zikikauka nikasema, baba, umenitangulia…" ah, Igogo! Huko huko. Hilo nalo lilimsumbua Masele muda mrefu, kila asubuhi mzungu hukodi bodaboda kutoka Nyamagana mpaka mwambao wa Igogo, peke yake, bila mkalimani, mzungu bila mkalimani ni kama harusi bila MC, anaenda kufanya nini? Masele aliwaza wakala wa timu pinzani, aliwaza mwanamke, siku moja akamfuata, akajificha nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, koti likanuka lami wiki nzima, na alichokiona ni Stipe kachuchumaa kwenye vichanja pamoja na Justa, mama wa Kijita mwenye sauti ya kuita kivuko, wanachambua dagaa, wanatoa furu, visamaki vingine vilivyojichanganya, Justa anaongea, anaongea, anaonyesha kidole, anaongea, na Stipe anatikisa kichwa, Masele akarudi amefarijika, akasema moyoni, maskini, mtu mzima amekaa na mama asiyejua hata good morning, wanaongea lugha gani hao… wanaongea lugha gani hao? Hakujiuliza vizuri. Ngoja. Ngoja kwanza. Justa hajui Kiingereza. Stipe alikaa pale asubuhi nzima. Na alikuwa akitikisa kichwa. Na siku ile Stipe alipoondoka Justa alimfuata kwa kelele, "Babu, kesho usichelewe, na ile kanda mbili yangu uirudishe!" na kesho yake… kesho yake Masele alimwona Stipe mazoezini na kanda mbili ya kike mkononi, akaiweka kwa uangalifu kwenye mfuko… Yesu na Maria. Hapana. Hiyo inaweza kuelezwa kwa ishara. Kanda mbili ni kitu cha kuonyeshwa kwa mguu. Masele anajifuta jasho, anamtazama Stipe pembeni ya jicho, shavu lenye mikunjo, nywele za mvi zimesimama kama kikosi kinachosubiri kona, mdomo unaenda, "…nilikuwa beki wa kushoto, nilikuwa na kasi, kwetu vita ikaja, ligi ikavunjika, uwanja wetu ukalala wanajeshi, nikaenda Austria, nina miaka ishirini na mbili, sijui Kijerumani hata cha kuombea maji…" na Masele anaanza kuyahifadhi kichwani ili ayapike, vita atairefusha, Austria atatia theluji, na moja kwa moja, kwa mazoea, anatafuta mahali pa kupandisha sauti, hiyo ndiyo kazi aliyoijua ujanani kwenye mikutano ya injili uwanjani, anakuja mhubiri kutoka ng'ambo, mwembamba, ana mafua, anasema kwa sauti ya mgonjwa kwamba Bwana huvumilia, na Masele pembeni yake, mhubiri akinyoosha mkono naye ananyoosha, mhubiri akiruka yeye anaruka zaidi, anapaaza, "Bwana anakuja sasa hivi, umekalia nini hicho kiti!" na uwanja mzima unasimama, akina mama wanalia, mhubiri anashangaa jinsi alivyo mzuri, hivyo ndivyo mkalimani wa Mwanza anavyofundishwa, hubebi maneno, unabeba moto, maneno yatafuata yenyewe, na hakuna binadamu aliyewahi kuruka kutoka kwenye kiti kwa sababu ya neno "subiri". Ndiyo maana wachezaji wanamwita Mchungaji. Ndiyo maana siku ya kwanza kabisa, chumba cha kubadilishia nguo, Stipe alipomwambia Shimba, beki wetu wa kushoto, "Usipande, kaa na winga wao, ukipanda nyuma yako unaacha uwanja wa ndege," Masele alimtazama Shimba, kijana wa watu kainama kama anasubiri sindano, akaona huruma, akapaaza, "Shimba! Kocha anasema wewe ni simba au paka wa jirani? Panda! Panda kama moto wa nyasi za kiangazi!" na Shimba akapanda, wote wakapanda, mpaka kipa alitaka kupanda, tukashinda manne bila, mji ukazizima, Yeremia akamkumbatia Stipe mpaka miwani ikamtoka, magazeti yakaandika kocha wa mashambulizi, nani alikosewa hapo? Moto ule ule tu, Masele aliuongezea kuni. "…kocha wa pale Austria alikuwa mkali," Stipe anasema, na sauti yake imeshuka, kwa hiyo Masele anasikiliza sasa, anasikiliza kweli, ukumbi umepungua mwanga pembeni, "na palikuwa na mchezaji mwenzangu, anatoka upande wa kwetu, anajua Kijerumani, yeye ndiye alikuwa ananitafsiria. Kocha alikuwa anasema, kijana huyu ana kasi, apande. Mwenzangu ananiambia, kocha anasema kaa, ukivuka mstari wa katikati atakuua. Basi nikakaa. Msimu mzima nimekaa nyuma kama mlinzi wa benki, kocha anapiga kelele, mimi naitikia kwa kichwa, nazidi kukaa. Wakasema huyu ni mwoga. Nikawekwa benchi. Na aliyeingia nafasi yangu, upande wa kushoto, ni nani? Mkalimani…" Na Masele anamgeukia mzima mzima, kwa sababu Stipe ametamka neno hilo la mwisho kwa Kiswahili, mkalimani, polepole, mdomo umelizoea, na hakuna mwandishi aliyegutuka, wamedhani anamtaja tu mtu aliye pembeni yake, wanamtazama Masele na kutabasamu, Gladness anampungia kidole, na Masele anatabasamu pia, meno yote nje, meno ya MC, nyuma ya meno hakuna mtu nyumbani. "…mama mwenye nyumba ndiye aliyenifundisha Kijerumani, jikoni kwake, tukimenya viazi, nilipokielewa ndipo nikajua nilivyofanywa. Toka siku hiyo, Kupro, Jordan, Zambia, kote nilikofundisha, kitu cha kwanza najifunza lugha, na simwambii mtu. Mbele ya kiziwi watu husema kweli. Na lugha hujifunzi darasani, unatafuta mama mmoja mwenye kazi ya mikono na mdomo usiochoka." Justa. Dagaa. Furu. Mwaka mzima kasoro kidogo, asubuhi kwa asubuhi. Basi anajua. Alijua toka lini? Alijua kofia ya ugali. Alijua bata. Mungu wangu alijua ile ya Krismasi, wachezaji walipouliza kama kuna mapumziko, Stipe akasema siku tatu, Masele akatafsiri siku moja kwa sababu alikuwa ana harusi siku ya pili na alitaka basi la timu limpitishe… alijua, na akaitikia kwa kichwa. Huyu mtu ni nyoka. Huyu mtu amekaa pembeni yangu miezi yote kama kinasa sauti chenye mvi, ananisubiri, leo ananichinja mbele ya redio, ndiyo maana marahaba ilikwenda kwa ukuta, wamepanga, amemwambia Yeremia kila kitu, na mimi nimevaa koti… lakini Stipe hana uso wa mchinjaji, hilo ndilo linalotisha zaidi, ana uso wa mtu anayesimulia kuhusu mbwa aliyewahi kumfuga, "…nilipomsikia Shimba anaambiwa panda wakati nimesema usipande, nilitaka kumfukuza mkalimani siku hiyo hiyo. Lakini kijana akakimbia. Mmeona alivyokimbia? Mimi nilizaliwa kukimbia hivyo na sikuruhusiwa, nikasimama pale kama mjinga mwenye machozi. Tukashinda. Nikakumbatiwa. Kazi yangu yote sijawahi kukumbatiwa na mwenyekiti. Nikasema, Stipe, nyamaza. Hilo ni kosa langu. Halafu timu nyingine zikauona ule uwanja wa ndege nyuma ya Shimba, zikaanza kutua. Tukafungwa. Tukafungwa tena. Nikaona, sasa nitumie akili, kama huyu bwana anageuza kila neno, basi niseme kinyume, nikasema, vijana leo shambulieni wote, nikijua atasema jilindeni. Siku hiyo akatafsiri sawasawa." Kona ya mdomo wa Stipe inacheza. Masele anaikumbuka siku hiyo. Alifurahi sana siku hiyo, alisema moyoni leo mzee kapata akili, hata hakuongeza kitu, hapakuwa na cha kuongeza, na tulifungwa matano, na kipa Odongo alilia ndani ya basi mpaka Igoma, na Masele ndiye aliyempigapiga mgongoni akimwambia, "Usilie mdogo wangu, kosa si lako, kosa ni la anayewafundisha," na usiku huo huo alikwenda uani kwa Yeremia… ngoja. Ngoja, ngoja. Masele ndiye alisema panda kwa Shimba. Alisema songa kwa viungo. Stipe kule pembeni ya uwanja akipunga mikono rudini, rudini, vijana wakamgeukia Masele, na Masele, "Kocha anasema kandamiza!" Mechi baada ya mechi. Stipe alisema lini, hasa, kitu kilichowafikia wale vijana? Masele anatafuta. Anapekua msimu mzima kama mama anayetafuta funguo chini ya pochi, sentensi moja tu ya Stipe iliyofika nzima, ukiacha ile shambulieni ambayo Stipe mwenyewe hakuimaanisha, anapata "kunyweni maji", anapata "viatu vikaushwe juani", na hiyo ya maji anadhani aliongezea Samsoni na Wafilisti. "…sasa mnaniuliza kama naondoka," Stipe anamalizia, na anamgeukia Yeremia kwa heshima, anainamisha kichwa, Yeremia naye anainamisha, wazee wawili, hakuna ukuta safari hii, "Mwenyekiti ameniambia kwamba kuna mtu, mwezi mzima, anazunguka mjini akisema kocha wa timu hii hajui mpira na aondolewe. Hakunitajia jina, wala sikuuliza. Nilimjibu kwamba mtu huyo anasema kweli tupu, na kama kuna haki, kocha wa timu hii aondolewe leo. Mimi sijaifundisha hata siku moja. Lakini ningependa, kabla ya kuondoka yeyote, nijaribu mechi moja. Niseme mwenyewe. Vibaya, kwa makosa, kwa Kiswahili cha dagaa. Na mkalimani abaki, nitamhitaji, vijana wanampenda, ila anitafsirie mara moja tu, leo, hii niliyosema, yote." Na anaweka kipaza sauti mezani, anakisukuma kwa kidole kimoja mpaka mbele ya Masele, anafungua chupa ya maji, na kwa chini, bila kugeuza shingo, sauti ya kumfikia mtu mmoja tu, anasema kwa Kiswahili, "Haya, Mchungaji. Polepole. Nakusikiliza."

Kalamu zinainuliwa. Gladness anasogeza kinasa sauti chake, anasema, "Mjomba Masele, mbona leo umepauka, hotuba ilikuwa nzito?" na watu wanacheka kidogo, na Masele anangoja kuona kama Stipe atacheka, na Stipe anacheka, kwa wakati wake. Masele anaweza kudanganya. Njia ipo. Wote hawa hawajaelewa kitu, angesema kocha anawashukuru mashabiki, anampenda Yeremia, goti linauma, ukumbi ungepiga makofi, mmoja tu angejua, na huyo mmoja kakaa pembeni na chupa ya maji na wala hana haraka, amemngoja karibu mwaka. Ajabu ni kwamba hofu imemtoka. Yule nyoka aliyekuwa akimtafuta toka asubuhi, kwenye kicheko, kwenye ukuta, kwenye vichanja vya Igogo, ameshamwona, amevaa koti, ananuka jasho, anaitwa Masele. Anafungua mdomo, hewa inaingia, neno bado, macho ya Yeremia yako juu yake, na katika upenyo huo mdogo kabla ya sauti anajikuta anataka kucheka, kwa sababu mwezi mzima kazunguka Mwanza nzima, kwa kinyozi, kanisani, uani kwa mwenyekiti, akiwaambia watu kwamba anayewafundisha vijana hawa hajui mpira hata kidogo, na katika maisha yake yote ya kushika kipaza sauti, hiyo ndiyo habari pekee ya kweli aliyowahi kuifikisha kwa watu jinsi ilivyo, bila kuongeza neno.